Naomba ushauri: naipenda kazi ya kutembelea kaya, lakini inanielemea

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Kilolo, Iringa. Napita nyumba kwa nyumba kwa wajawazito na mama wenye watoto wadogo, hasa mambo ya lishe. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa, na mahindi na maharage tunalima wenyewe! Inaniuma. Mtoto akianza kupanda uzito, mama ananikimbilia njiani na kadi kunionyesha. Raha ile posho haiifikii.

Vilima na matope ya masika nimeyazoea. Kinachonimaliza ni ninayoyakuta ndani: ulevi, njaa, mama aliyepigwa. Kesi naripoti panapohusika, ila uchungu narudi nao nyumbani, na siri za kaya siwezi kumwambia hata mume wangu. Msimamizi anauliza fomu tu.

Wenzangu wahudumu na maafisa ustawi, mnautuaje mzigo huu? Nimwombe msimamizi vikao vya kuzungumzia kesi ngumu bila kutaja majina, au tuanze wenyewe wahudumu wa kata? Na nimweleze vipi asidhani nadai posho?