Tupeane uzoefu: mazoea ya kila siku yanayofanya akili iwe kali na itulie

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Ombi langu kwenye uzi huu ni moja: anayechangia aweke vipimo. "Lala vizuri", "kunywa maji", "punguza simu" tumeshayasikia mpaka basi. Tunataka saa ngapi, kiasi gani, hatua ipi inatangulia, na zoea lenyewe huharibikia wapi.

Naanza na simu. Kuizima sauti hakusaidii sana, kwa sababu skrini ikiwaka tu jicho limeshahama. Ingia kwenye mipangilio, zima arifa zote kwa mpigo, halafu rudisha mbili tu: simu zinazopigwa, na ujumbe wa watu wachache ambao kweli huwezi kuwakosa. Panga nyakati tatu za kusoma ujumbe, kwa mfano saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Nje ya hapo simu ikae chumba kingine, au ndani ya begi lililofungwa zipu. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, maana mkono unaifikia kabla hujawaza.

Wengi hukwamia hapa: simu hiyohiyo ndiyo saa yao, ndiyo kikokotoo, ndiyo kengele ya kuamkia. Mtu anaichukua kuangalia ni saa ngapi, anaona ujumbe, anaujibu, anaiweka chini baada ya robo saa, na saa yenyewe hakuiona. Kwa hiyo kabla ya kuiondoa simu, weka saa ya ukutani au ya mkononi, kikokotoo cha kawaida na karatasi ya kuandikia jambo lolote la "nikaangalie baadaye". Bila hivyo vitu vitatu, zoea hili huvunjika siku ya pili.

Mlinda Usingizi
Naongezea usingizi. Watu hung'ang'ania saa ya kulala, lakini inayoshika zaidi ni saa ya kuamka. Chagua moja na uishike siku zote 7, mwisho wa wiki usichelewe zaidi ya dakika 60. Ukiamka, toka nje ndani ya saa ya kwanza, dakika 10 hadi 20, hata kama kuna mawingu. Ndani ya nyumba mwanga wa taa huwa mamia ya laksi (kipimo cha mwanga) tu, nje kukiwa na mawingu bado ni maelfu, na mwanga huo ndio unaouambia mwili siku imeanza na usiku utakuja lini. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Kafeini ina hesabu yake. Kwa wastani mwili huchukua kama saa 5 kuiondoa nusu. Ukinywa kikombe chenye miligramu 100 saa 10 jioni, saa 3 usiku miligramu 50 bado zimo. Nayo haiondoi uchovu. Inaziba tu vipokezi ambavyo kemikali ya uchovu, adenosini, hukaa juu yake, kwa hiyo kafeini ikiisha uchovu wote unakuja pamoja. Anayelala saa 4 usiku afunge kahawa na chai kali saa 8 mchana. Mjamzito, au anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, afunge mapema zaidi, maana kwao hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Usingizi wa mchana nao ni mzuri ukiwa mfupi. Tega kengele dakika 25 ili upate kama 20 za kulala, na iwe kabla ya saa 9 alasiri. Ukipita nusu saa unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo unazinduka akili nzito kuliko ulivyolala. Pombe kabla ya kulala huleta usingizi haraka kisha huukatakata kuanzia katikati ya usiku.

Karani wa Mafaili
Kwa wanaokatizwa kazini: mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha, sehemu ya umakini wake hubaki kulekule kwenye kazi ya kwanza, na ile ya pili inapata kilichosalia. Kukatizwa hatuwezi kukuzuia kabisa. Kinachowezekana ni kupunguza gharama ya kurudi, na njia ninayoipendekeza kwa nguvu zote ni kikaratasi cha kurudia.

Mtu akikuita, mwambie "nipe nusu dakika", kisha andika mambo matatu: umefikia wapi, hatua inayofuata, na swali ambalo bado hujalipatia jibu. Hatua inayofuata lazima ianze na kitenzi na itaje mahali. Ukiandika "ripoti, endelea" umejidanganya, utarudi na kuanza kusoma upya tangu juu. Andika hivi: "Fungua jedwali la 2, linganisha jumla ya safu ya 4 na ile ya ukurasa wa 9. Zikitofautiana anza kukagua Machi." Ukirudi, mkono unaanza kazi bila kusubiri akili ikumbuke. Kibandike juu ya kibodi au juu ya ukurasa wenyewe, kwa sababu kikiingia kwenye daftari kinapotea na mengine.

Fanya hivyo pia jioni kabla ya kufunga kazi. Kazi isiyofungwa huzunguka kichwani usiku, na ikishapata mahali ilipoandikwa, kichwa kinaiachia kwa urahisi zaidi.

Msomaji wa Pembeni
Swali: zile dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika ni sahihi kwa kila kazi?

Karani wa Mafaili
Hapana, mkuu. Utaratibu huo uliasisiwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi. Unafaa sana kwa kazi unayoikwepa kuianza, na kwa kazi ya kukodolea macho makosa, kama kusahihisha maandishi au kukagua takwimu. Kuna jaribio la Norman Mackworth la mwaka 1948: watu waliangalia mshale unaozunguka kama wa saa na kusubiri uruke hatua mbili badala ya moja. Uwezo wao wa kuona mruko ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kazi za aina hiyo zivunje mapema.

Kuandika, hesabu ngumu au kutengeneza programu ni habari nyingine. Dakika 10 hadi 15 za mwanzo unapanga tu vitu kichwani, ukikata kwenye 25 unakata ndiyo kwanza unaiva. Kwa hizo tumia dakika 50 hadi 90, kisha 10 hadi 15 za kupumzika. Mapumziko yenyewe: simama, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, tembea, kunywa maji. Ukifungua simu hujapumzika, umeanza kazi nyingine.

Mwalimu wa Jioni
Nije kwenye kumbukumbu, maana ndiko watu wanapoteza muda mwingi. Kurudia kusoma kunadanganya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakavirudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima walikuwa wamewaacha mbali.

Fanya hivi. Soma sehemu moja, kurasa 3 hadi 5. Funga kitabu. Kwa dakika 5 andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, bila kuchungulia. Ukikwama, kaa na huo mkwamo kama sekunde 10 kabla ya kukata tamaa, maana kule kutafuta ndiko kunakojenga. Kisha fungua, sahihisha kwa wino wa rangi nyingine. Vile vya rangi nyingine ndivyo vya kushughulikia, vilivyobaki viache. Jipime tena kesho yake, siku ya 3, ya 7, ya 21. Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi hupungua, ndiyo sababu marudio ya kwanza yanakaribiana na ya mwisho yanaachana.

Kwa maneno ya lugha mpya, fomula au tarehe, tumia kadi na kisanduku chenye vyumba 5, njia aliyoieleza Sebastian Leitner mwaka 1972. Ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele, na chumba cha mbele hupitiwa mara chache zaidi. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa ya mwisho. Makosa mawili huiua njia hii. La kwanza ni kadi yenye mambo manne: hujui ulikosa lipi, kwa hiyo kadi moja, swali moja, jibu moja. La pili ni kugeuza kadi ukajisemea "hii naijua". Kuitambua si kuikumbuka. Tamka jibu kwa sauti au liandike kwanza, ndipo ugeuze.

Mafumbo ya maneno na michezo ya simu hukufanya hodari wa michezo hiyohiyo zaidi ya kitu kingine. Mwenye dakika 20 za ziada ajifunze ala ya muziki au lugha.

Mguu Mwepesi
Utafiti wa Erickson na wenzake wa mwaka 2011 uliwafuata wazee 120. Waliotembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Kasi inayofaa: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Asiyezoea aanze dakika 10.

Mhudumu wa Kliniki
Mazoea yakishafuatwa na akili bado ni nzito, tafuta sababu mwilini. Upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, sonona, na kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini, vyote huanza kwa "siku hizi nasahau". Dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi hupunguza umakini hata mchana wake. Metfomini, dawa ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha B12, usiiache ila omba upimwe. Pima masikio pia: tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu vinavyoweza kudhibitiwa, na usikivu hafifu umo. Nenda na majina ya dawa zote unazomeza. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku moja, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Msomaji wa Pembeni
Na wa zamu za usiku? Kuamka saa ileile kila siku haiwezekani.

Mlinda Usingizi
Chagua saa 4 ambazo utakuwa umelala kila siku, zamu iwepo isiwepo, kwa mfano saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa zinazobaki zipange kabla au baada ya hapo. Kahawa nywa nusu ya kwanza ya zamu tu. Ukitoka asubuhi vaa miwani ya giza mpaka nyumbani na chumba kiwe na pazia zito. Miwani hiyo ni ya anayepanda gari la wengine. Usiendeshe ukiwa na usingizi.