Naomba ushauri: sprinkla za moto kwenye nyumba ya kuishi

Wakuu habari zenu, najenga huku Goba, nyumba ya chini vyumba vinne, nimefika lenta na kabla fundi bomba hajaanza nataka niweke sprinkla za moto darini (vile vichwa vya bomba vinavyonyunyiza maji moto ukiwaka) maana jirani aliunguliwa mwaka jana, zimamoto wanafika paa limeshashuka, iliniuma sana. Wife anaogopa moshi wa jikoni utalowesha nyumba nzima lakini nilivyosoma kila kichwa kinafunguka chenyewe kwa joto, kama nyuzi 68 hivi, sio moshi, na California nyumba mpya ni lazima tangu 2011. Shida yangu maji, huku ni ya mgao, je tenki la lita 2000 juu ya mnara presha inatosha au lazima pampu, na umeme ukikatika je? Aliyefunga anisaidie jamani, nina watoto wadogo.