Swali la Elisabeth kuhusu nafsi na mwili: Descartes, Spinoza au Leibniz?

Msomaji wa Tanga: Wanajukwaa, salaam. Mwezi Mei 1643, Elisabeth wa Bohemia, binti mfalme aliyekuwa uhamishoni Uholanzi, alimwandikia mwanafalsafa Mfaransa Descartes akimuuliza: ikiwa nafsi ni kitu kinachofikiri tu, kisicho na urefu wala upana, inawezaje kuusogeza mwili, ilhali kusukuma kunahitaji kugusana? Kati ya Descartes na wanafalsafa waliomfuata, Spinoza na Leibniz, nani amemjibu vizuri zaidi?

Bakari_F: Descartes simpi nafasi. Alianza na mfano wa uzito, unaodhaniwa kulivuta jiwe chini bila kuligusa. Elisabeth hakuridhika, akajibu kwamba ingekuwa rahisi kwake kukubali kuwa nafsi ni maada kuliko kukubali kwamba kisicho na mwili huusogeza mwili. Mwaka 1649 Descartes aliandika kuwa nafsi hufanya kazi yake hasa katika tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, lakini kutaja mahali si kueleza namna.

Mwanafunzi wa Falsafa: Namuunga mkono ndugu Bakari, na ndiyo maana nipo kwa Spinoza. Katika kitabu chake *Ethica*, kilichochapishwa 1677 baada ya kifo chake, nafsi na mwili ni kitu kimoja kinachofahamika kwa sifa mbili, fikra na kuenea katika nafasi. Ninapoinua mkono, uamuzi wangu hauusukumi mkono, kwa kuwa tukio ni lile lile moja.

Bi_Zuhura: Mimi namtetea Leibniz. Mwaka 1714 alitutaka tuwazie mashine inayofikiri, iliyokuzwa hadi mtu aingie ndani yake kama aingiavyo katika kinu kikubwa cha kusagia nafaka: ataona vipande vinavyosukumana, wala hataona popote kinachoeleza hisia. Kwa hiyo nafsi haiwezi kuwa maada. Nafsi na mwili kila kimoja hufuata sheria zake, na Mungu amevipatanisha tangu mwanzo.

Msomaji wa Tanga: Bi Zuhura, hapo ndipo ninapokwama. Elisabeth, ambaye mwenyewe aliugua mara kwa mara, alimwandikia Descartes mwaka 1645 kwamba yako maradhi yanayoondoa kabisa uwezo wa kufikiri. Kwa Leibniz, homa inayomvuruga mgonjwa akili haimvurugi kweli, bali inakwenda sambamba tu na mvurugiko ulioanzia ndani ya nafsi yenyewe. Spinoza halazimiki kusema hivyo, kwa kuwa kwake yanayotokea mwilini na nafsini ni tukio moja, na kwangu hilo linampa uzito mkubwa.