Faini za kikoba zinaninyima usingizi. Nijitoe au nibaki?

Mama Wawili (Moshi)
Habari za jioni wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Nauza mitumba soko la Memorial. Nipo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, tunakutana kila Jumamosi. Baba yangu alipofariki, wale wanawake walipanda na mimi mpaka Kibosho. Walipika, walichota maji, walikesha wakiosha vyombo, na mfuko wa jamii ulilipia jeneza wakati kaka zangu bado wanapigiana simu. Sitasahau, ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Sheria sasa zimezidi. Kuchelewa ni faini, simu ikiita kikaoni ni faini, usipofika msibani ni faini hata kama mtoto amelazwa. Mwaka huu imeongezwa sare ya kitenge kwa kila harusi ya mtoto wa mwanachama. Mwezi uliopita biashara ililala nikashindwa kununua hisa. Jina langu likasomwa mbele ya wote, kisha likawekwa kwenye grupu la WhatsApp. Tangu hapo Ijumaa ikifika moyo unakwenda mbio, usingizi sipati, watoto nawafokea bila kosa. Mume anasema nitoke. Mama mkwe anauliza, nikifiwa tena nitazika na nani?

Kijana wa Rombo
Pole sana dada. Usitoke kwa hasira. Mimi nilipohamia Arusha kikazi niliacha kila kitu: jumuiya, kwaya, hata chama cha watu wa nyumbani. Hakuna anayenidai mchango. Lakini niliugua malaria nikalala ndani, na aliyegonga mlango alikuwa mwenye nyumba, alifuata kodi. Tangu siku ile natafuta namna ya kurudi kwaya na naona aibu.

Mwalimu Mstaafu
Nyote wawili nawaelewa. Mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim alitoa utafiti kuhusu watu waliojiua katika nchi za Ulaya. Aliona kwamba wasio na ndoa walikuwa hatarini kuliko wenye ndoa, na Waprotestanti kuliko Wakatoliki. Maelezo yake yalikuwa na pande mbili: jinsi mtu alivyoshikamana na wenzake, na jinsi kanuni zinavyomwekea kiasi. Kikipungua kimoja mtu huyumba, kikizidi pia huumia. Habari ya mtu anayebanwa na kanuni kupita kiasi aliigusa kwa ufupi tu, nami naona ndiyo inayomhusu mama huyu. Takwimu zake zimekosolewa sana, lakini swali lake bado ni zima.

Mwaka 2010 watafiti walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wengine kwa takriban asilimia 50. Kwa hiyo mama, kikundi chako ni sehemu ya afya yako, na hofu unayoipata ndani yake nayo inakula afya hiyo hiyo. Zipime sheria moja moja. Faini ya kuchelewa inalinda muda wa wote. Kumtangaza aliyekwama kunamlinda nani?

Na kama moyo na usingizi havitulii, nenda kamwone daktari, hospitali ya Mawenzi au kituo kilicho karibu nawe. Usisubiri.

Katibu wa Zamani
Nimeshika daftari la kikoba miaka mingi. Omba katiba uisome. Vikundi hivi vipo daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wake unapitia halmashauri. Mengi yanayowatesa watu hayamo kwenye katiba, yalipitishwa kwa mdomo siku watu wana haraka ya kwenda sokoni. Peleka hoja mbili tu: anayetoa taarifa ya dharura kabla ya kikao asitozwe, na majina ya waliokwama yabaki kwa mweka hazina. Usisimame peke yako, tafuta kwanza wenzako wawili watatu wanaoumia kimyakimya, wapo. Ukishindwa kabisa, toka wakati wa mgao, kila mtu anapochukua akiba yake, ukiwa umemaliza mkopo na huna mtu uliyemdhamini.

Bibi wa Uru
Mimi siungi mkono kulegeza ya msiba. Faini hiyo ndiyo iliyowapandisha wote Kibosho, wengine wangebaki na shughuli zao. Kitenge kifutwe, mtu mwenye ada ya shule asishoneshwe nguo kwa lazima. Ila usiyaseme haya WhatsApp, mwanangu. Mwendee mwenyekiti nyumbani kwake. Hapa kwetu hata kosa kubwa huombewa radhi kwa jani la isale mkononi, watu wakiwa wamekaa chini uso kwa uso.

Mama Wawili (Moshi)
Asanteni, nimelia kidogo. Katiba nimeipata, sare haimo, kutangaza majina hakumo. Kuna jambo sikusema: mwenyekiti ni wifi yangu. Niende na mume au peke yangu?

Bibi wa Uru
Peke yako, kabla ya Jumamosi. Mume akiwepo litageuka jambo la ukoo na kikoba kitasahaulika.