Naomba ushauri: kuunganisha kalenda ya simu na hesabu ya masaa ya kazi

Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga, Ngamiani, kazi yangu ni kuwatunzia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu, na nalipwa kwa saa. Asubuhi naweza kuwa Chumbageni, mchana Pongwe, siku nyingine nafika mpaka Muheza.

Miadi yote naiweka kwenye Google Calendar. Shida ni mwisho wa mwezi: nakesha nikihamisha saa moja moja kwenda Excel, na nikisahau, jasho langu limepotea. Mwezi uliopita mteja mmoja alikataa kulipia masaa manne na sikuwa na ushahidi. Iliniuma sana.

Najua Clockify na Toggl Track, programu za kuhesabu muda wa kazi, zinaunganishwa na kalenda, miadi ikageuka masaa ya kazi bila kuandika upya. Aliyezitumia anieleze: kazi ikirefuka kuliko miadi, narekebisha kwenye kalenda au kwenye programu? Na bando likiisha nikiwa njiani, inakuwaje? Halafu wateja wangu wanasema saa tatu, simu inaandika 9:00. Nataka ripoti watakayoielewa bila mabishano.

Natanguliza shukrani.