Kumwingiza mke kwenye hati ya nyumba Minnesota, mume akiwa Dar es Salaam

Habari za jioni, ndugu zangu. Kuna familia Brooklyn Park, kaunti ya Hennepin. Nyumba imeandikwa jina la mume peke yake na sasa wanataka mke naye awemo kwenye hati. Mume yuko Dar es Salaam na hatarudi karibuni. Wamsubiri? Na kaunti inatoza kiasi gani? Wenye ujuzi tusaidieni.

*

Salaam. Hakuna haja ya kumsubiri, lakini kabla ya kujaza fomu yoyote wajue kwanza ardhi yao iko mfumo gani. Minnesota ina mifumo miwili ya kusajili ardhi: abstrakti na Torrens. Kwenye abstrakti, kaunti inatunza mlolongo wa nyaraka tu, haikuhakikishii nani mwenye mali. Kwenye Torrens kuna cheti cha umiliki chenye namba yake, karibu sawa na hati za kwetu Kenya na Tanzania. Hati ya abstrakti inakwenda kwa rekoda (mtunza kumbukumbu) wa kaunti, ya Torrens kwa msajili wa hatimiliki, na ikiandikwa kwa mfumo usio wake inarudishwa. Ada ni dola 46 kwa kila hati, si kwa kila ukurasa. Kiwanja ambacho nusu ni abstrakti na nusu Torrens kinasajiliwa kote kuwili, yaani dola 92.

Kwa kazi hii wengi hutumia hati ya kwitiklemu, ile ya kuachia haki bila kudhamini chochote. Fomu za kawaida za jimbo zinapatikana bure mtandaoni. Zinapokwama, sababu huwa hizi.

Maelezo ya kiwanja. Anwani ya mtaa haitoshi, wala namba ya kodi. Inatakiwa kiwanja namba fulani, bloku fulani, jina la ramani iliyosajiliwa, na kaunti. Msinakili kutoka kwenye bili ya kodi ya nyumba, kwa sababu pale maelezo hufupishwa. Chukueni hati aliyonunulia mume, mnakili neno kwa neno hadi nukta ya mwisho.

Majina. Hapa ndipo watu wetu huumia zaidi. Mtu mwenye majina matatu aliweza kununua nyumba kwa mawili, pasi inasema matatu, na cheti cha uraia kikaja na mpangilio mwingine. Anayetoa, hapa ni mume, lazima aandikwe vilevile alivyoandikwa alipopokea, kisha kifuate "anayeitwa pia" na jina la sasa. Kwenye Torrens wanabana zaidi: jina likiwa limebadilika, wanataka nakala iliyothibitishwa ya cheti cha ndoa au amri ya mahakama.

Hali ya ndoa ya anayetoa pia iandikwe. Ikikosekana, hati inarudi.

Na sasa maneno ambayo yana uzito kuliko yote. Ikiandikwa tu "mume na mke", sheria ya Minnesota inawahesabu kuwa kila mmoja ana fungu lake, na mmoja akifariki fungu lake linaingia kwenye mirathi. Wakitaka anayebaki achukue yote, hati itamke wazi kwamba wanapokea kama wamiliki wa pamoja, "joint tenants". Maneno mawili hayo yakisahaulika, mjane anaweza kujikuta mahakamani kwa ajili ya nyumba anayolala ndani yake.

Mengine ni ya kukagua kwa rula: inchi 3 tupu juu ya ukurasa wa kwanza, nusu inchi pembeni, jina na anwani ya aliyeandaa hati, na tamko kuhusu kisima. Kama hakuna kisima, sentensi ya kusema hivyo inatosha.

Kodi ya hati: kwa Hennepin na Ramsey ni 0.0034 ya bei, kaunti nyingine 0.0033. Nyumba ya dola 300,000 ikiuzwa Hennepin ni dola 1,020. Lakini mume akimwingiza mke bila malipo, kodi ni kile kiwango cha chini kabisa, haifiki dola 2.

*

Naongezea upande wa Dar. Sahihi ya mume lazima ishuhudiwe, na asitie sahihi kabla ya kufika mbele ya shahidi. Njia iliyonyooka ni ubalozi wa Marekani: anaweka miadi, anakwenda na pasi, analipa dola 50 kwa kila muhuri. Hati halisi yenye wino inatumwa kwa kurier. Nakala iliyoskaniwa na kuchapishwa haikubaliki dirishani.

Njia ya pili ni notari wa video, yaani mtu aliyeidhinishwa kushuhudia sahihi, anayekuona kwa kamera. Minnesota inaruhusu tangu 2019, mradi notari amesajiliwa na jimbo kwa kazi hiyo, na hati inatumwa kaunti kwa njia ya kielektroniki.

Kumpa mtu mamlaka ya kisheria ya kutia sahihi kwa niaba ya mume kunawezekana, ila huongeza kazi: hati hiyo ya mamlaka nayo ishuhudiwe na isajiliwe kwa dola 46 nyingine, pamoja na kiapo cha aliyepewa kwamba mamlaka bado yapo.

Jamani, notari wa Marekani si wakili. Kwetu muhuri huo hupigwa na wakili. Hapa anaweza kuwa karani wa benki, na haruhusiwi kukushauri aina ya hati.

*

Asanteni sana. Je, mke akishaingia, anakuwa na deni la benki pia?

*

Hapana, dada. Hati na mkopo ni vitu viwili. Mke anakuwa mmiliki, mume anabaki mdaiwa. Sheria ya shirikisho ya 1982 inaizuia benki kudai mkopo wote mara moja kwa sababu tu mwenzi ameingizwa kwenye hati ya nyumba wanayoishi.

Wafanye pia ombi la nafuu ya kodi ya makazi, ile ya anayeishi kwenye nyumba yake, kwa mthamini wa mali wa eneo lao. Kusajili hati hakuleti nafuu hiyo yenyewe. Mwisho ni Desemba 31.

Na wakiwa bado na notari mbele yao, wafikirie hati ya kuhamisha nyumba baada ya kifo, ili watoto wasipite mirathi. Ada ni dola 46 zilezile na haina kodi ya hati. Wenzi wote watie sahihi, na isajiliwe wakiwa hai: ikikutwa kabatini baada ya msiba haina nguvu. Wosia hauwezi kuifuta.

Hati ikishasajiliwa itakuja barua yenye sura ya kiserikali ikidai dola mia na ushee kwa "nakala rasmi". Barua hiyo waitupe. Nakala iko kaunti kwa dola chache.