Mpasuko wa njia ya haja kubwa na choo kigumu: dawa gani ni salama?

Muulizaji, Donholm: Hamjambo wataalamu. Daktari amethibitisha ni mpasuko, si bawasiri. Choo ni kigumu, na kwa kuogopa uchungu naahirisha kwenda msalani. Kwenye kemisti ya mtaani nimeambiwa ninunue bisakodili, vidonge vya kuendesha choo, au mshumaa wa gliserini, ile dawa ya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa. Ni sawa?

Mfamasia, Ngara: Pole sana. Mshumaa uache kwanza, kwa sababu unapita juu ya kidonda chenyewe. Bisakodili huchochea utumbo usukume choo kwa nguvu, na ikikuharisha kidonda kinachubuka vilevile. Kinachotakiwa ni kulainisha. Mtu mzima kwa kawaida huanza na laktulosi mililita 15 asubuhi na 15 jioni. Huvuta maji ndani ya utumbo, lakini huchukua siku mbili hivi kufanya kazi. Hapo ndipo watu hukosea: wanaona kimya, wanaongeza kipimo, kisha wanaharisha. Gesi mwanzoni ni kawaida. Choo kikilainika usiache dawa ghafla, kidonda bado kibichi. Na kama unameza vidonge vya madini ya chuma au dawa ya maumivu yenye kodeini, mwambie daktari. Zote hufunga choo.

Muuguzi: Huko kuahirisha ndiko kunakokuumiza zaidi. Choo kikikaa, utumbo unafyonza maji yake, kinakauka na kupasua upya. Msuli wa njia ya haja kubwa nao unakaza kwa maumivu, damu haifiki vizuri kidondani. Ukihisi haja, nenda. Weka stuli fupi chini ya miguu, magoti yapite nyonga, inama mbele, usijikamue. Simu iache nje. Ukimaliza, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, bila sabuni wala dawa ya kuua viini, kisha jikaushe kwa kubonyezabonyeza taulo.

Mtaalamu wa lishe: Githeri, ndengu, papai, ugali wa unga wa posho usiokobolewa. Ongeza pole pole, tumbo lisijae gesi. Isabgol, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi za kulainisha choo: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, unywe papo hapo kabla haijawa nzito, kisha glasi nyingine. Bila maji ya kutosha inaweza kuziba.

Muulizaji: Asanteni. Na kisipopona?

Mfamasia, Ngara: Zikipita wiki 6 hadi 8, rudi kwa daktari, kuna krimu za kulegeza msuli huo, kama diltiazemu ya asilimia 2. Usingoje ukiona homa, uvimbe wenye usaha, damu nyingi au nyeusi, au ukipungua uzito bila sababu.